Dubai hadi Guangzhou: saa saba zisikudanganye

Wadogo zangu wafanyabiashara, kila msimu wa kufuata mzigo China ukikaribia mnaniuliza lile lile: "Dada, Dubai mpaka Guangzhou ni mbali kiasi gani?" Ni takriban kilomita 5,800, na ndege isiyotua njiani hutumia saa saba na ushee. Tatizo ni kwamba mtu akishasikia saa saba, anapanga kila kitu kwa saa saba.

Dubai imeitangulia Dar na Nairobi kwa saa moja, na Guangzhou imeitangulia Dubai kwa saa nne. Ukiruka Dubai saa nne asubuhi, unatua saa tatu usiku. Bado foleni ya uhamiaji, bado begi, bado safari ya kutoka uwanja wa Baiyun hadi Xiaobei, wanakofikia Waafrika wengi. Sasa wewe umeshamwambia ajenti akupitie saa moja asubuhi mwende soko la nguo la Baima! Mdogo wangu, saa moja asubuhi ya kule, Dar ni saa nane usiku. Mwili unadai kitanda, muuzaji anabonyeza bei kwenye kikokotoo, nawe unaitikia tu, hata mshono hujaugeuza uuone. Siku ya kwanza zunguka, shika vitambaa, uliza bei. Pesa isitoke. Hata ukikwama ukahitaji kutumiwa hela, mwenzako akifungua duka Kariakoo saa tatu asubuhi, kwako tayari ni saa nane mchana.

Kurudi ndiko kurefu zaidi. Huko juu upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki: wakati wa kwenda unaisukuma ndege, wakati wa kurudi unaikabili. Ndiyo maana njia ile ile hufika saa nane na zaidi, hasa Desemba hadi Februari.

Halafu kuna hizi ndege za usiku wa manane. Tiketi ikisomeka tarehe 12, saa 00:15, uwanjani unatakiwa uwepo tarehe 11 jioni. Ukienda tarehe 12 usiku, ndege yako iliondoka tangu usiku wa kuamkia siku hiyo. Na saa zote za kwenye tiketi ni za mji husika, kwa hiyo usitoe saa ya kuondoka kwenye saa ya kufika ukadhani umepata muda wa angani.

Linaloniumiza zaidi ni tiketi za vipande: Dar–Dubai kivyake, Dubai–Guangzhou kivyake, eti kuokoa hela. Ndege ya kwanza ikichelewa, ya pili haina habari nawe. Begi huenda likakutaka utoke nje ulichukue na kulikabidhi upya, na kutoka nje Dubai kunataka viza. Isitoshe, mji ule una viwanja viwili vya ndege, DXB na Al Maktoum, na vimeachana mbali. Ulichookoa kinaishia kwenye teksi na tiketi mpya.

Basi kabla hujalipa, muulize wakala maswali mawili: ni tiketi moja? Begi langu nalipokea Guangzhou? Akianza kuumauma maneno, rudisha pesa kwenye pochi utafute wakala mwingine.