Gari-nyumba likiharibika kati ya Kasese na Bwera

Ukitoka Ishaka kwenda Kasese, barabara inapita kwenye vilima vya migomba na chai mpaka Kichwamba, halafu inateremka bondeni kwa ghafla. Juu kuna ubaridi. Chini, upande wa Mfereji wa Kazinga, jua linawaka. Tangu tulipovuka mpaka wa Tanzania na Uganda pale Mutukula hatukukutana na kipande cha barabara kinacholipima gari kuukuu kama hicho. Makala hii ni kwa wenzangu wanaosafiri na magari ya mtumba waliyoyageuza nyumba, kama Hiace yetu ya dizeli ambayo mimi na mke wangu tuliiwekea kitanda, jiko la gesi, tangi la maji na betri ya pili.

Jambo la kwanza ni uzito. Daladala hujaza watu, lakini watu wanashuka. Kabati, godoro na maji havishuki. Springi, matairi na breki vinabeba mzigo uleule asubuhi hadi jioni, kwa hiyo kagua vitu hivyo kabla hujafikiria mapambo ya ndani. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne: 2319 maana yake limetengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la mtumba linaweza kuwa na kashata nzuri na bado likawa limezeeka. Mimi silifungi kwenye gari la kulala hata likiuzwa kwa bei ya kutupa.

Kichwamba teremka na gia ndogo, injini ndiyo ishike gari. Kanyaga breki, punguza mwendo, achia ipoe, kanyaga tena. Mafuta ya breki yaliyokaa miaka hunyonya unyevunyevu, na breki zikipata moto unyevu ule unachemka, pedali inazama hadi sakafuni. Kubadilisha mafuta hayo ni kazi ndogo na ya bei nafuu; ifanyike nyumbani. Ukisikia harufu ya pedi kuungua, tafuta tambarare, simama, subiri. Usimwagie magurudumu maji, diski inaweza kupasuka au kupinda.

Kutoka daraja la Katunguru hadi Kikorongo uko ndani ya Hifadhi ya Queen Elizabeth, na tembo wanavuka lami pale wapendapo. Ushauri wa kawaida wa kushuka na kutandaza pembetatu nyuma ya gari hapa haufai. Washa taa za hatari, kaa ndani, simamisha lori au teksi ya abiria inayopita, uombe wawaarifu askari wa wanyamapori. Namba ya polisi ya dharura Uganda ni 999.

Sisi hifadhini tulipita salama. Tabu ilitupata baada ya kukata kushoto Kikorongo, kwenye ile barabara ya kilomita kama 38 inayopita Bwera kwenda Mpondwe mpakani. Mshale wa joto ulianza kupanda. Nilizima kiyoyozi, nikafungua hita ya ndani mpaka mwisho, maana hita nayo ni rejeta ndogo inayotoa joto kwenye injini. Mshale haukushuka, nikaegesha kivulini na kuzima.

Hapa ndipo magari mengi yanapokufa, na yanauawa na haraka. Mfuniko wa rejeta una namba, mara nyingi 0.9 au 1.1. Hiyo ni kanieneo inayoshikilia maji yasichemke hata yakipita nyuzi 100. Ukiufungua wakati wa moto, kanieneo inaondoka mara moja, maji yanachemka ghafla na kukurukia usoni pamoja na mvuke. Subiri mpaka uweze kuushika mpira wa juu wa rejeta kwa mkono mtupu bila kuuachia. Na ukiongeza maji, ongeza kidogokidogo injini ikiunguruma taratibu. Maji baridi kwenye chuma cha moto yanapasua hedi.

Injini ilipopoa tuliona ufa mwembamba kwenye tangi la juu la rejeta, lile la plastiki. Rejeta za zamani zilikuwa shaba tupu na fundi yeyote mwenye risasi na moto aliziziba. Za sasa ni alumini iliyobanwa na plastiki, na plastiki ikizeeka inapasuka palepale inapoungana na mpira. Ufa ukiwa mdogo kuna njia ya kufika mjini: fungia mfuniko hatua ya kwanza tu, usiukaze hadi mwisho, ili kanieneo isijengeke. Maji yatavuja polepole badala ya kuruka. Endesha taratibu, hita ikiwa wazi, jicho kwenye mshale, na simama kuongeza maji kabla mshale haujakudai. Kwa mwenye gari-nyumba jambo hili ni jepesi kwa sababu una tangi zima la maji. Tulitumia maji ya kuoshea vyombo, na tukaingia Bwera hivyo.

Bwera ni mji wa mpaka, na ng'ambo ya Mto Lubiriha ni Kasindi, Kongo. Malori yanayokwenda Beni na Butembo yanapita hapa, mengi ni Fuso zilizochoka, na mafundi wake wamezoea kufufua kitu ambacho duka la spea halinacho. Kwa injini ya dizeli ya zamani namwamini fundi wa namna hii kuliko karakana yenye kompyuta. Jinsi ya kumpata: usiulize kituo cha mafuta, uliza madereva wa malori waliolala mjini jana. Wao ndio wanaojua nani alifunga kitu kikarudi kufunguka. Kiswahili kinasikika sana hapo, kile chenye ladha ya Kongo, na salamu ndefu kabla ya kutaja shida ina faida yake.

Fundi tuliyeelekezwa alikuja na vijana wawili. Nilishika spana, akanizuia. "Papa, ngoja kwanza. Tuone kama hedi ni nzima." Akachomoa kijiti cha oili, akakiangalia juani. Oili ikiwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia ndani, na kuziba rejeta ni kupoteza fedha. Yetu ilikuwa nyeusi safi. Ndipo akafungua rejeta. Akakwaruza ufa ukawa mfereji mdogo, akatoboa kitundu kila mwisho wake ili usiendelee kukimbia, akalaza wavu mwembamba wa waya juu yake. Akapasha chuma kwenye mkaa, akauzamisha wavu ndani ya plastiki, kisha akayeyushia juu vipande alivyokata kwenye tangi bovu la rejeta nyingine. Plastiki ya aina moja hushikana, ya aina nyingine hubanduka. Ndiyo maana hawatupi matangi mabovu. Mwisho akaziba matundu yote kwa mpira, akaizamisha rejeta kwenye nusu pipa la maji na kuipuliza kwa pampu ya baiskeli. Povu moja lilitoka pembeni. Akarudia pale. Mara ya pili maji yalitulia.

Kaa karibu kazi inapofanyika. Si kwa kumshuku fundi. Ni kwa sababu ukiona mara moja, siku nyingine porini utajua nini kinawezekana. Patana bei ya kazi na bei ya spea kila moja peke yake, na omba urudishiwe kifaa cha zamani. Fundi mzuri hukasirika ukimharakisha, na ana haki.

Kiraka ni cha kukufikisha, si cha kuzunguka nacho nchi tatu. Spea halisi mara nyingi itatoka Kampala, kwenye soko la Kisekka, ije na basi la usiku. Wenye duka watakuuliza modeli, mwaka na namba ya injini. Ukijibu tu "Hiace", utaletewa kitu cha injini nyingine. Piga picha bamba la chasi, namba ya injini, na kifaa kilichoharibika kikiwa kando ya rula. Picha hizo zinaokoa safari nzima ya basi. Lipa kwa simu, na mwombe fundi wako azungumze na duka yeye mwenyewe. Kwenye sanduku langu mimi hubeba vichache: mikanda, mipira ya maji, filta ya dizeli, fyuzi, mfuniko wa rejeta na mafuta ya breki. Dizeli ya madumu barabarani siinunui, na taa ya maji kwenye filta ikiwaka ninalegeza koki ya chini palepale nimwage maji.

Upande wa nyumba, mengi huanzia kwenye betri. Nunua mita ndogo ya volti. Betri ya pili ikipumzika isome 12.6, ikishuka 12.0 zima friji. Injini ikiunguruma isome kati ya 13.8 na 14.4, na isiposoma hivyo tatizo ni alteneta au waya, usikimbilie kununua betri. Funga valvu ya mtungi wa gesi kila unapoendesha.

Raha ya gari-nyumba ni kwamba gari likiwa gereji wewe uko kwako. Mke wangu alipika, vijana wa fundi wakala nasi ugali wa muhogo na samaki wa Katwe, na hakuna aliyeangalia saa. Lakini chagua pa kulala. Eneo hili limeumia: Juni 2023 waasi wa ADF walishambulia shule ya sekondari ya Lhubiriha, Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Kwa hiyo usilale kando ya barabara. Omba uwanja wenye geti na mlinzi, kwenye nyumba ya wageni au kanisani, na uwaarifu polisi uko wapi. Ukiwa Kasese mjini wakati wa mvua, kaa mbali na Mto Nyamwamba. Mafuriko ya Mei 2013 na Mei 2020 yalibeba nyumba, sembuse gari.

La mwisho ni karatasi. Gari la kigeni lina kibali cha forodha chenye tarehe, na tarehe haijali kama injini iko chini. Ukiona spea itachelewa, nenda ofisi ya forodha Mpondwe kabla kibali hakijaisha, na maelezo ya fundi kwa maandishi, uombe kuongezewa muda. Hakikisha pia bima yako ya COMESA bado ina siku. Na zile picha za bamba la chasi na namba ya injini, zipige leo kabla hujaondoka nyumbani, umtumie pia mtu mmoja unayemwamini.