SOMO LA MAZINGIRA: MIZANI YA MSITU NA HEWA



Ndugu wanafunzi, na wazazi wetu wa Mlandege, katika Surat Ar-Rahman tunafundishwa kwamba mbingu na vilivyomo vimewekewa mizani, nasi tumekatazwa kupunja. Msitu nao una mizani yake. Katika somo hili tutaona jinsi wataalamu wanavyoisoma.

Kwa nini tupime?

Kabla ya zama za viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, sehemu 280 hivi zilikuwa hewa ya ukaa. Leo zimepita 420, na dunia inazidi kupata joto. Miti hula hewa hiyo na kuigeuza kuwa mbao, majani na mizizi. Lakini miti pia hupumua, na inapooza au kuchomwa huirudisha. Kwa hiyo haitoshi kusema "msitu ni mzuri". Tunataka kujua umeingiza kiasi gani na umetoa kiasi gani.

Njia ya kwanza: kupima miti

Wataalamu hutenga kiwanja msituni, hupima unene wa kila shina na kimo cha miti, kisha hukadiria kaboni iliyomo. Baada ya miaka kadhaa hurudi na kupima tena. Utafiti uliotolewa mwaka 2021 ulikusanya vipimo vya viwanja 226 katika nchi 12 za Afrika, Tanzania ikiwemo. Ulionyesha kuwa hekta moja ya msitu wa milimani, kama ile ya jirani zetu Udzungwa, ina wastani wa tani 149 za kaboni juu ya ardhi.

Tufanye hesabu. Uzito wa kaboni ni 12, na wa hewa ya ukaa ni 44. Basi 149 mara 44, gawanya kwa 12, tunapata tani 546 hivi. Hicho ndicho kiasi cha hewa ya ukaa kinachoweza kurudi angani hekta moja ikichomwa yote.

Njia ya pili: mnara

Huko Yangambi, katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, magharibi ya Kisangani, upo mnara wa mita 55 unaopita vilele vya miti. Ulianza kazi mwaka 2020 kwa ushirikiano wa Chuo Kikuu cha Ghent cha Ubelgiji na taasisi ya utafiti wa kilimo ya Kongo, INERA.

Juu ya mnara wa namna hii kuna vyombo viwili. Kimoja hupima upepo unaopanda na unaoshuka, mara 10 au zaidi kwa sekunde. Cha pili hupima hewa ya ukaa na mvuke uliomo katika upepo huo. Ni kama mwenye duka anayesimama mlangoni akihesabu magunia yanayoingia na yanayotoka. Mchana, hewa inayoshuka huwa na ukaa mwingi kuliko inayopanda, kwa sababu majani yameshachukua sehemu yake. Usiku hakuna jua, miti na udongo hupumua tu, na hesabu hugeuka. Usiku hewa ikitulia, ukaa hubaki chini ya miti. Kwa sababu hiyo hupimwa pia katika vimo mbalimbali, ili hesabu isipunjwe.

Joto na maji

Mnara hupima pia nguvu ya jua inaenda wapi. Tukitia udhu asubuhi ya upepo hapa Iringa, mikono husikia baridi, kwa kuwa maji yanapokauka huchukua joto. Kukausha lita moja ya maji hutumia joto zaidi ya mara 6 ya lile la kuichemsha kutoka ubaridi. Msitu hutumia sehemu kubwa ya nguvu ya jua kwa kazi hiyo, na mvuke huenda kuwa mawingu. Miti ikikatwa, nguvu ileile hubaki kuchoma ardhi.

Hitimisho

Mto Kihansi unatoka Udzungwa, na maporomoko yake huendesha mitambo ya umeme ya megawati 180. Anayechoma msitu ule anaharibu hewa, maji na taa za wenzake. Tuitunze amana hii, tupande miti majumbani na madrasani, na tutumie kuni na mkaa bila israfu.

Maswali

1. Kwa nini hesabu ya usiku hutofautiana na ya mchana?
2. Hekta 3 za msitu wa milimani zina tani ngapi za kaboni juu ya ardhi?
3. Eleza kwa nini chini ya mti kuna ubaridi.