Chachu ya Mkate: Ilishe, Igawe, Ikaushe



Somo letu safari hii ni la jikoni, lakini mweka hazina naye asikilize. Vikundi vingi vinaoka mikate kwa jiko la makaa, na shida yao huwa ni ile ile: hamira ya pakiti imekwisha, dukani hakuna, au iliyoko imekaa rafuni mpaka nguvu zimeisha. Siku hiyo unga unakaa bure na mteja anakwenda kwa mwingine. Iko njia ya kuoka bila kungojea pakiti, nayo ni kufuga chachu. Tunasema kufuga kwa sababu chachu ni kitu hai. Inakula, inakunywa, na ukiisahau inakufa kama kuku aliyefungiwa ndani bila maji.

Jambo lenyewe si geni kwetu. Nyanya zetu walipopika uji mchachu walibakiza kidogo chunguni, uji wa leo ukachachusha wa kesho. Maziwa lala nayo huanzishwa hivyo hivyo. Majirani zetu wa Ethiopia wanaopika injera huhifadhi maji ya manjano yanayojitenga juu ya unga uliochacha, wanayaita ersho, na hayo ndiyo yanayoanzisha unga wa safari ijayo. Hata ile chachu tunayoisoma kwenye Biblia ilikuwa ya namna hii, donge la unga la jana. Hamira ya kiwandani ilikuja baadaye sana.

Ndani ya chachu wamo viumbe wadogo wa aina mbili, hatuwaoni kwa macho. Wa kwanza ni hamira ya asili, ambayo hutoka kwenye nafaka yenyewe. Hii inatoa hewa inayoumua mkate. Wa pili ni bakteria ndugu za wale wa maziwa lala, na hawa wanaleta ule uchachu. Uchachu huo una kazi, maana ndio unaozuia vijidudu vibaya kuingia. Wakikaa pamoja na kulishwa vizuri, hawa wawili wanaweza kuishi miaka na miaka.

Kuianzisha

Chukua unga wa ngano usiokobolewa, ule wa atta wenye makapi, maana huko ndiko viumbe hawa wako kwa wingi. Weka nusu kikombe cha unga na robo kikombe cha maji kwenye chupa ya jemu au kopo la plastiki. Koroga, funika kwa kitambaa safi, acha mahali penye joto kidogo. Maji ya mfereji yenye dawa yaache wazi usiku mmoja kwanza. Maji ya mto au ya kisima yachemshe, yapoe kabisa. Usitumie sufuria ya alumini kuhifadhia, kwa sababu ukali wa chachu hula ile sufuria. Wala usikaze kifuniko, hewa ikikosa pa kutokea chupa inaweza kupasuka.

Kila siku toa nusu, kisha ongeza tena nusu kikombe cha unga na robo ya maji. Sasa hapa tusikilizane vizuri, kwa sababu hapa ndipo wengi hukata tamaa. Siku ya pili au ya tatu utaona mapovu mengi na harufu mbaya. Utafurahia mapovu, lakini hao ni bakteria wengine tu waliotangulia. Siku ya nne au ya tano mapovu yanatulia kabisa, kimya, kama kitu kimekufa. Mtu anamwaga na kusema mambo haya ni ya Wazungu. Usimwage! Uchachu unapanda polepole, wale wabaya wanaondoka, na hamira yenyewe inaamka. Endelea kulisha. Kati ya siku ya 7 na ya 14 itaanza kuumuka mara mbili ya kimo chake ndani ya saa 4 hadi 8 baada ya kula, na harufu itakuwa kama ya maziwa lala au tunda lililoiva. Funga uzi au mpira nje ya chupa pale unga ulipofika, ndipo utajua umepanda kiasi gani. Huko Pwani mambo huenda haraka, na huko Limuru au Nyandarua huchelewa. Hiyo ni hali ya hewa, chachu haina kosa.

Kuilisha

Kipimo rahisi ni hiki: vijiko viwili vikubwa vya chachu, vijiko vinne vya unga, vijiko viwili vya maji. Unga ni mwepesi kuliko maji, kwa hivyo vijiko viwili vya unga kwa kimoja cha maji vinakaribia uzito sawa. Penye baridi lisha mara moja kwa siku, penye joto mara mbili. Ukikuta maji ya kijivu yamejitenga juu, hiyo ni njaa. Yamwage au yakoroge ndani, kisha ulishe.

Kuna akina mama wanaouliza, je, hii ya kutoa kila siku si hasara? Ni hasara ukifuga ndoo nzima. Fuga kidogo! Kikombe kimoja kinatosha kabisa, na siku moja kabla ya kuoka unaongeza unga na maji mpaka ufikie kiasi unachotaka. Ile inayotolewa baada ya wiki mbili za kwanza usiitupe: ichanganye kwenye chapati za maji, au kwenye mandazi, utaipenda. Ile ya siku za mwanzo zenye harufu mbaya wape kuku.

Unga wa kulisha unatoka kwa nani? Swali hili limeleta maneno kwenye vikundi, tulitatue. Vijiko vinne kwa siku ni kama kilo moja kwa mwezi, na ukilisha mara mbili ni kilo mbili. Mtunzaji asigharamie unga huo mfukoni mwake kisha tukashangaa chachu imekonda. Utoke kwenye gunia la kikundi, na uandikwe kitabuni kama gharama nyingine yoyote.

Isilale nyumba moja

Hili ndilo tunalotaka mlichukue zaidi. Tukiacha chachu ya kikundi kwa mama mmoja, siku akienda matangani wiki mbili, kazi ya watu wote imesimama. Tena mnaanza upya siku 10 au zaidi, na wateja hawangoji. Kwa hivyo igaweni. Nyumba tatu zitoshe, kila moja na chupa yake, na kila mtunzaji aandike siku aliyolisha mwisho kwenye karatasi iliyobandikwa chupani. Ya mmoja ikiharibika, kijiko kimoja kutoka kwa jirani kinairudisha kwa siku moja au mbili.

Mwenye friji anaweza kuiweka humo na kulisha mara moja kwa wiki. Sisi wengine bila stima tufanye ngumu: vijiko vinne vya unga kwa kimoja cha maji, pamoja na chachu kidogo, ikandwe iwe donge kavu kama la chapati. Lizungushe ndani ya unga, liweke kwenye kopo lenye unga zaidi, mahali pa baridi karibu na mtungi. Donge gumu hula polepole. Likikaa siku kadhaa juu litakauka, lakini lipasue, utakuta katikati ni laini na kuna mapovu. Hiyo ya katikati ndiyo ya kuendelea nayo.

Akiba ya kweli ni ya kukausha. Chukua chachu iliyolishwa na kuumuka vizuri, ipake nyembamba sana kwenye sahani au karatasi safi ya plastiki. Ianike kivulini penye upepo, funika kwa neti inzi wasitue. Baada ya siku moja au mbili itakatika kama biskuti. Usiharakishe kwa kuiweka juu ya jiko, kwa maana joto la nyuzi 60 linaua hamira. Ivunjevunje, iweke kwenye kopo kavu linalofunga vizuri, andika tarehe. Itakaa miezi mingi. Ukiihitaji, loweka kijiko kimoja kwenye maji ya vuguvugu mpaka ilainike, kisha lisha siku tatu au nne hadi ipate nguvu. Kopo moja la namna hiyo likae pamoja na kitabu cha kikundi.

Lini itupwe

Ukiona rangi ya waridi au ya machungwa, au ukungu wenye manyoya, tupa yote na uoshe chupa kwa maji moto. Usichote ukungu wa juu ukatumia wa chini, mizizi yake imeshashuka.

Na kuna neno zito zaidi. Wengine hutumia unga ulioshika ukungu kulishia chachu, wakisema si utachacha tu. Hapana, wapendwa. Mwaka 2004 huko Ukambani na sehemu za karibu watu 125 walifariki kwa sumukuvu, yaani aflatoksini, iliyokuwa kwenye mahindi yaliyohifadhiwa na unyevu. Sumu hiyo haionekani, haiishi kwa kupikwa, na kuchacha hakuwezi kutegemewa kuiondoa. Unga ambao hungempa mtoto wako, chachu nayo isipewe.

Kuoka

Kwa mkate mmoja mkubwa: kikombe kimoja cha chachu iliyopanda, vikombe vinne vya unga, kikombe kimoja cha maji (ongeza kidogo unga ukiwa mkavu) na vijiko viwili vidogo vya chumvi. Kabla ya chumvi, sukari au maziwa kugusa chachu, toa sehemu ya kesho uiweke kando. Kanda dakika 10, funika. Penye joto huumuka kwa saa 4 hadi 6, penye baridi ukande jioni na uoke asubuhi. Liweke donge kwenye sufuria iliyopakwa mafuta, acha lipande tena kama saa moja. Kisha hiyo sufuria ikae ndani ya sufuria kubwa yenye mchanga uliokwisha kupata moto, funika, na makaa mengine yawe juu ya kifuniko. Kama dakika 45. Gonga mkate chini: ukilia kama ngoma ndogo, umeiva.

Mkate huu ni mchachu kidogo na haushiki ukungu upesi. Lakini tuseme ukweli, ni wa polepole. Kikundi kinachopeleka mikate mingi sokoni kila alfajiri kiendelee na pakiti, na chachu iwe ya nyumbani na ya siku ile pakiti inapokosekana.

Maswali ya kuzungumza kikundini: Ni nyumba zipi tatu zitatunza chachu yetu? Nani ataweka kopo la chachu kavu, na ni nani atalijaribu kila baada ya miezi mitatu kuona kama bado ni hai? Unga wa kulisha tutautoa kwenye gunia siku gani ya wiki?