Somo la Tarakilishi: Vitufe vya Mkato Vinapogongana katika Kihariri cha Maandishi

Wakazi wanaojifunza kuandika programu au kutengeneza tovuti, iwe ni chuoni, katika maktaba au nyumbani, mara nyingi huanza na kihariri cha maandishi kiitwacho Visual Studio Code. Kihariri hiki kilitolewa na kampuni ya Microsoft mwaka wa 2015. Hakilipiwi, na hufanya kazi katika Windows, Linux na macOS. Kinachowavutia wengi ni vitufe vyake vya mkato: mtumiaji hubonyeza vitufe viwili au vitatu kwa pamoja na kazi hufanyika bila kugusa kipanya.

Raha hiyo hugeuka kuwa kero pale kitufe kinapokataa kutii, au kinapofanya jambo tofauti na lililotarajiwa. Hasara yake si ndogo. Mtu anayelipwa kwa kazi ya mtandaoni anaweza kufuta mstari aliokusudia kuunakili, akahifadhi faili bila kugundua, kisha akaituma kwa mteja. Mwingine huamini kibodi imeharibika na kwenda kununua nyingine, ilhali tatizo liko katika mistari miwili ya mipangilio. Kwa mkazi asiyeona, anayefanya kila kitu kwa kibodi, kitufe kisichotii ni sawa na mlango uliofungwa.

Somo hili linaeleza chanzo cha migongano hiyo, namna ya kuitambua na namna ya kuitatua bila kufuta programu na kuisakinisha upya.

CHANZO CHA MGONGANO

Wahenga walisema fahali wawili hawakai zizi moja. Mgongano hutokea amri mbili zinapodai mchanganyiko mmoja wa vitufe. Madai hayo huweza kutoka pande tatu.

Kwanza, mfumo endeshi au programu nyingine iliyo wazi. Hii hupokea kitufe kabla hakijafika kwenye kihariri. Katika Windows, kwa mfano, Ctrl+Alt na mshale wa chini huongeza kielekezi cha pili kwenye mstari unaofuata. Lakini katika tarakilishi zenye programu za zamani za michoro za Intel, vitufe hivyo hivyo hupindua skrini juu chini. Anayepatwa na hali hiyo abonyeze Ctrl+Alt na mshale wa juu ili skrini isimame tena. Katika baadhi ya matoleo ya Ubuntu, Ctrl+Shift+E hudaiwa na programu ya IBus kwa ajili ya vikaragosi. Badala ya orodha ya faili kufunguka, herufi e yenye mstari chini yake hujitokeza.

Pili, viendelezi. Kiendelezi cha Vim ni mfano unaojulikana. Mtu akikiweka, Ctrl+F haitafuti tena neno, bali husogeza ukurasa mbele, kwa sababu hiyo ndiyo desturi ya Vim.

Tatu, mtumiaji mwenyewe. Mabadiliko anayoyafanya huandikwa katika faili iitwayo keybindings.json. Akisahau alichoandika miezi iliyopita, au akinakili mipangilio ya mtu mwingine bila kuisoma, hujiwekea mtego.

KANUNI YA KUAMUA MSHINDI

Kihariri hakichagui amri kwa bahati. Husoma orodha ya kanuni kuanzia chini kwenda juu, na kanuni ya kwanza inayolingana na kitufe pamoja na sharti lake ndiyo inayotekelezwa. Kanuni za mtumiaji huwekwa mwisho wa orodha, kwa hiyo huzishinda zile za asili. Tazama mfano huu:

[
  { "key": "ctrl+d", "command": "editor.action.deleteLines", "when": "editorTextFocus" },
  { "key": "ctrl+d", "command": "editor.action.copyLinesDownAction", "when": "editorTextFocus" }
]

Kanuni ya juu hufuta mstari, ya chini hunakili mstari. Zote zinadai Ctrl+D, na sharti lao ni moja: kielekezi kiwe ndani ya maandishi. Itakayofanya kazi ni ya chini. Mtu akibadilisha mpangilio wa mistari hiyo miwili, kitufe kilichokuwa kikinakili kitaanza kufuta. Ikumbukwe pia kwamba Ctrl+D ina kazi yake ya asili, yaani kuchagua neno na kisha mahali pengine neno hilo linapojitokeza. Kazi hiyo sasa haipatikani kwa kitufe hicho.

Neno "when" katika mfano huo ni muhimu. Amri mbili zinaweza kutumia kitufe kimoja kwa amani iwapo masharti yao hayakutani; moja ifanye kazi ndani ya maandishi na nyingine katika orodha ya faili. Si kila kitufe kinachoonekana mara mbili kwenye orodha kina mgongano.

HATUA ZA UCHUNGUZI

1. Kuhakikisha kibodi ni nzima. Mtumiaji afungue programu nyingine, kama vile Notepad, na ajaribu vitufe vinavyohusika kimoja kimoja. Katika tarakilishi za mkononi, aangalie kitufe cha Fn, kwani huenda F2 inaongeza sauti badala ya kufanya kazi yake. Kitufe cha Tab kikihamisha kielekezi nje ya maandishi badala ya kuacha nafasi, huenda Ctrl+M ilibonyezwa kwa bahati mbaya. Kuibonyeza tena hurejesha hali ya kawaida.

2. Kujua kama kitufe kinafika kwenye kihariri. Mtumiaji abonyeze Ctrl+Shift+P, au F1, ili kufungua sanduku la amri. Kisha aandike "Toggle Keyboard Shortcuts Troubleshooting" na kuichagua. Sehemu ya chini ya dirisha itaanza kuandika kila kitufe kinachopokelewa, amri iliyochaguliwa na ilikotoka. Sasa abonyeze vitufe vyenye tatizo. Ikiwa hakuna kinachoandikwa, kitufe kimedakwa njiani na mfumo endeshi au programu nyingine, na dawa itatafutwa huko. Ikiwa amri imeandikwa, mshindi amejulikana. Amri hiyo hiyo ikichaguliwa tena, kumbukumbu husimama.

3. Kuona wote wanaodai kitufe hicho. Ukurasa wa "Keyboard Shortcuts" hufunguliwa kwa kubonyeza Ctrl+K kisha Ctrl+S, au kupitia menyu ya File, sehemu ya Preferences. Kwenye kisanduku cha kutafutia, mtumiaji aandike vitufe ndani ya alama za kunukuu, kwa mfano "ctrl+d". Orodha itaonyesha kila amri, sharti lake na chanzo chake: ni ya asili, ya kiendelezi au ya mtumiaji.

4. Kumtambua kiendelezi msumbufu. Mtu mwenye viendelezi vingi asivizime kimoja kimoja. Amri ya "Start Extension Bisect" huzima nusu yake na kuuliza kama tatizo limekwisha, kisha hugawanya nusu iliyobaki, na kuendelea hivyo. Viendelezi 16 huchunguzwa kwa takriban hatua 4.

KUTATUA

Mgongano ukishajulikana, mtumiaji aamue ni amri gani anayoihitaji zaidi. Ile nyingine ihamishiwe kitufe kingine au iondolewe. Katika ukurasa wa vitufe, kubofya amri kwa upande wa kulia wa kipanya huleta chaguo la kubadilisha, kuondoa au kurejesha hali ya asili. Wakati wa kuchagua kitufe kipya, kihariri hutaja idadi ya amri ambazo tayari zinakitumia. Onyo hilo lisipuuzwe.

Anayependa kuandika mwenyewe ataweka alama ya kutoa mbele ya jina la amri anayotaka kuiondoa. Kwa aliyeweka kiendelezi cha Vim na anayetaka Ctrl+F itafute neno kama zamani, kanuni ni hii:

{ "key": "ctrl+f", "command": "-extension.vim_ctrl+f" }

Ikiwa kitufe kimedakwa na mfumo endeshi, kubadilisha mipangilio ya kihariri ili kushindana nao ni kazi bure. Mtumiaji aondoe kitufe hicho kwenye programu inayokidaka, au amri ya kihariri ipewe kitufe kingine. Kwa tatizo la IBus lililotajwa, programu ya ibus-setup ina sehemu ya kubadilisha kitufe cha vikaragosi.

Tahadhari moja zaidi: amri nyingi za asili huanza na Ctrl+K ikifuatwa na kitufe cha pili. Mtu akiipa Ctrl+K peke yake kazi nyingine bila sharti, amri zote hizo hazitafikika, ikiwemo ile ya kufungua ukurasa wa vitufe. Atakayejikuta hapo apitie menyu.

KWA WANAOTUMIA KISOMA SKRINI

Kisoma skrini cha NVDA hutumia kitufe cha Insert kuongoza amri zake. Insert pamoja na 1 huwasha hali ya msaada, ambapo kila kitufe kinachobonyezwa hutajwa pamoja na kazi yake katika NVDA. Kwa njia hiyo mtumiaji hujua kama mgongano uko kwa kisoma skrini. Insert pamoja na F2 huamuru kitufe kinachofuata kipitishwe moja kwa moja hadi kwenye kihariri.

TARAKILISHI ZA PAMOJA

Faili ya keybindings.json huhifadhiwa katika folda ya kila mtumiaji wa mfumo endeshi. Pale ambapo wanafunzi kumi huingia kwa akaunti moja, mabadiliko ya mmoja huwafuata wote, na anayekuja asubuhi hukuta vitufe havimjui. Msimamizi wa chumba cha tarakilishi atapunguza malalamiko akimpa kila mwanafunzi akaunti yake. Hilo likishindikana, aweke nakala safi ya faili hiyo pembeni na kuirudisha inapobidi. Faili yenye mabano [ ] matupu humaanisha hakuna mabadiliko, na vitufe vyote hurudi katika hali ya asili.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Kila anayebadilisha kitufe aandike sababu katika faili hiyo hiyo, kwa mstari unaoanza na //. Kihariri hupuuza mstari huo, lakini utamsaidia atakayeisoma baada ya mwaka mmoja.

ZOEZI

Mwanafunzi anakili faili yake ya keybindings.json mahali salama, kisha aweke kanuni mbili za Ctrl+D zilizo katika somo hili. Ajaribu kitufe hicho kwenye faili isiyo na kazi muhimu, abadilishe mpangilio wa kanuni, kisha ajaribu tena. Awashe kumbukumbu ya uchunguzi na asome ni amri ipi iliyoshinda na ilitoka wapi. Mwishowe aondoe kanuni zote mbili na kuhakikisha kwamba Ctrl+D inachagua neno kama ilivyokuwa mwanzoni.