Uwanja wa Nyumba na Chakula cha Nyuki



Somo letu la mwezi huu lahusu uwanja wa mbele ya nyumba, nami nitaanza kwa kukiri kosa langu. Nilipostaafu kufundisha nilipanda ukoka, kwani niliona kwamba nyumba ya mwalimu sharti ipendeze. Nilifyeka kila Jumamosi. Ua lolote lililochomoza katikati ya ukoka, hata la mashona nguo, niling'oa. Pembeni nikapanda maboga. Yakatambaa vizuri na kutoa maua mengi, lakini viboga vilipofikia ukubwa wa kidole gumba viligeuka rangi ya njano vikaoza. Jirani akaniambia ni wadudu. Nikanunua dawa, nikapuliza asubuhi maua yakiwa wazi. Siku ile ile niliokota nyuki waliokufa ndani ya maua hayo, na msimu ule sikuvuna hata boga moja.

Kilichonitia aibu ni kwamba jambo hili nililifundisha miaka mingi, tena kwa kulichora ubaoni kwa chaki za rangi. Mboga huu una maua ya aina mbili katika mmea mmoja. Ua dume husimama juu ya kikonyo chembamba. Ua jike lina kiboga kidogo chini yake hata kabla halijafunguka. Ungaunga wa njano wa ua dume, yaani chavua, ni mzito na hunata, upepo hauwezi kuupeperusha. Hauna budi kubebwa na mdudu, naye ana muda mfupi, kwa sababu ua hufunguka alfajiri na kufikia adhuhuri limekwisha kusinyaa. Asipofika, kiboga huoza. Mimi nilikuwa nimewaua wachukuzi, kisha nikashangaa mzigo haukufika! Sisi wa Tunduma, tunaoyaona malori yakipanga foleni kwenda Zambia, twapaswa kulielewa hilo upesi.

Msimu uliofuata nilifanya jaribio. Kabla ya saa mbili asubuhi nilichuma ua dume, nikalipangusa ndani ya ua jike, nikatia alama ya uzi. Maboga yale yalikua. Lakini mzee atazunguka kupangusa maua mangapi?

Na si maboga tu. Ua la mparachichi hufunguka mara mbili: kwanza likiwa jike, hufunga, kisha hufunguka tena siku ya pili likiwa dume. Pasipo mdudu wa kuhamisha chavua, matunda huwa haba, na wengi wetu huku Mbozi tumetia fedha katika miche hiyo. Mbuni wa arabika waweza kujichavusha wenyewe, hata hivyo nyuki huuongezea mazao, nao hupata siku chache tu kabla maua yake meupe hayajanyauka. Pasheni ya njano humtegemea hasa yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa boriti za mapaa yetu. Nami nilikuwa nikimfukuza kwa fagio.

Basi niliung'oa ukoka, si wote, nusu yake. Shida ya ukoka ni kwamba kwa nyuki ni kama jangwa la kijani. Ukifyekwa kila wiki hautoi kitu cha kula. Mahali pake nilipanda kivumbasi, rozimari, giligilani na alizeti, na mbaazi kando ya ua wa miti. Sukuma wiki zinapozeeka sizing'oi zote. Naziacha chache zitoe maua yake ya njano. Jambo la kuzingatia ni majira. Wakati wa mvua nyuki hawana shida kubwa, lakini kuanzia Juni mjini hukauka, na hapo ndipo kivumbasi kinachomwagiliwa maji yaliyosuuza mchele kinapokuwa na thamani. Nyuki hawaioni rangi nyekundu kama sisi, kwa hiyo anza na maua ya njano, meupe, ya samawati na ya zambarau. Wekeni pia bakuli la maji lenye mawe ya kutua, wasizame. Na kipande kidogo cha udongo mtupu kisilimwe wala kusakafiwa, maana duniani kuna aina za nyuki zipatazo 20,000, na nyingi hazikai mzingani bali huchimba ardhini, kila jike na shimo lake.

Mama mmoja aliniuliza, je, watoto hawataumwa? Swali zuri. Nyuki aliye kwenye ua anatafuta chakula, haumi asipobanwa au kukanyagwa. Anayelinda mzinga ni habari nyingine, na nyuki wetu wa asali ni wakali. Kwa hiyo sisemi mweke mizinga katika viwanja vyetu hivi vilivyobanana. Mizinga ikae mbali na nyumba na mifugo. Kundi la nyuki likitua mtini, waondoeni watoto na mbuzi, msilichome moto. Mara nyingi linapumzika tu. Lisipoondoka, mwiteni mfuga nyuki au afisa nyuki wa halmashauri. Mtu ambaye mwili wake huvimba sana au hukosa pumzi akiumwa, apelekwe hospitali mara moja.

Kuhusu dawa, sikatazi kabisa, maana najua hasara ya mkulima. Lakini usipulize mmea ulio katika maua. Ikiwa hapana budi, puliza jioni nyuki wakiisha kurudi, na usome karatasi ya chupa, kwani ziko dawa ambazo sumu yake hubaki hata kesho yake.

Sasa zoezi. Kesho saa tatu asubuhi, kukiwa na jua, keti mbele ya nyumba yako kwa dakika 10 ukitazama eneo la hatua moja kwa hatua moja. Hesabu wadudu wanaotua kwenye maua, andika idadi na tarehe. Panda kivumbasi hapo, kisha hesabu tena kitakapochanua. Mara ya kwanza, kwenye ukoka wangu, niliandika sifuri.