Tairi Moja Likichemka: Kalipa Iliyokwama na Namna ya Kuikwamua

Kijitabu cha elimu kwa wenye magari ya zamani

Umetoka Muheza na Corolla yako, mwendo wa kawaida tu, umefika Tanga mjini. Unashuka kufungua geti na pua inakutana na harufu ya kuungua. Unalizunguka gari. Matairi matatu yana vuguvugu la kawaida, lakini rimu ya mbele kushoto huwezi hata kuikaribia kwa kiganja. Usilisingizie jua. Breki ya tairi hilo iligoma kuachia.

Pengine dalili zilianza zamani. Gari lilikuwa linavuta upande mmoja, likaanza kula mafuta kuliko kawaida, na rimu moja ikawa nyeusi kwa vumbi huku nyingine zikibaki safi. Ukivua tairi utakuta pedi ya ndani imebaki bati, ya nje bado nene. Wengi hapo hununua pedi mpya na kuondoka, na pedi hizo nazo huisha vilevile.

Inakwama wapi?

Magari mengi madogo ya zamani yana kalipa ya kuelea, yenye pistoni moja upande wa ndani. Ukikanyaga breki, mafuta huisukuma pistoni, nayo huibana pedi ya ndani kwenye diski. Hapo mwili mzima wa kalipa huteleza juu ya pini mbili na kuivuta pedi ya nje. Ukiachia, usitafute springi inayorudisha pistoni, maana haipo. Ipo sili ya mpira iliyojipinda kidogo wakati wa kukanyaga. Inaponyooka huivuta pistoni nyuma, kiasi kisichofika hata milimita moja. Kutu kidogo sana inatosha kuishinda nguvu hiyo.

Kutu hiyo ina njia mbili za kuingia. Ya nje inajulikana: chumvi ya pwani, madimbwi ya masika, mpira wa vumbi uliochanika. Magari mengine tuliyoyapokea kutoka Japani yalikwisha kupita miaka kwenye barabara za theluji zinazomwagiwa chumvi. Ya ndani ndiyo isiyotazamwa. Mafuta ya breki hunywa unyevu wa hewa, na unyevu huo huila pistoni kutoka ndani. Tena hushusha kiwango cha kuchemka: DOT 3 mpya haichemki chini ya nyuzi 205 za Selsiasi, lakini ikishanywa maji inaweza kuchemka kwenye nyuzi 140. Mafuta yakichemka, pedali huzama mpaka chini. Yabadilishe kila baada ya miaka 2, hata kama gari linashinda limeegeshwa.

Kabla ya kushika spana

Simamisha gari mahali tambarare, zuia matairi ya nyuma kwa mawe, inua kwa jeki, kisha weka stendi. Tofali la saruji si stendi. Hupasuka bila kutoa taarifa. Vumbi la breki usilipulize kwa mdomo wala kwa kompresa, kwa sababu pedi za zamani zinaweza kuwa na asbestosi. Lilowanishe kwa maji, ulifute kwa kitambaa na ukitupe.

Sasa fanya jaribio ambalo mafundi wengi huliruka. Tairi likiwa bado limeng'ang'ania, legeza kidogo nipo ya kutolea upepo. Mafuta yakiruka na tairi likaachia papo hapo, kalipa yako huenda ni nzima: kuna mgandamizo ulionaswa, na mshukiwa wa kwanza ni mpira wa breki uliovimba kwa ndani, unaopitisha mafuta kwenda na kuyazuia kurudi. Likibaki limeshika, kosa limo kwenye kalipa.

Pini

Fungua bolti za pini, ning'iniza kalipa kwa waya, isibebwe na mpira wake. Sukuma pini kwa vidole. Pini nzima huingia na kutoka. Iliyokwama izungushe kwa spana huku na huku kwanza, kabla ya kuivuta. Ikikataa, tia mafuta ya kulegeza kutu na uiache, hata usiku mzima, ukihakikisha hayagusi diski wala pedi. Usiishike kwa koleo kwenye sehemu laini inayoteleza. Moto utumike tu breketi inayobeba kalipa ikiwa imeshushwa na mipira yote imetolewa, na kazi hiyo mwachie mwenye uzoefu.

Ikitoka, isugue kwa msasa laini, safisha tundu lake, kisha paka grisi ya silikoni ya breki. Si grisi ya bearingi. Tumeshika mikononi mipira iliyopakwa grisi hiyo: ilikuwa laini kama ubani uliotafunwa, imevimba hata haiingii tena kwenye mfereji wake. Pini yenye mashimo ya kutu tupa. Na kumbuka ipi ilikuwa juu, ipi chini. Kwenye Toyota nyingi hazifanani.

Pistoni

Nyundo na bisibisi viweke kando. Nguvu bora ya kuitoa pistoni unayo tayari mguuni. Kalipa ikiwa bado imeungwa kwenye mafuta, toa pedi, weka kipande cha mbao mbele ya pistoni, na mwenzako akanyage taratibu, nusu ya pedali tu ili asiumize sili za masta silinda. Vidole vikae mbali. Upepo wa kompresa ndio huwavunja watu vidole: pistoni hukaa kimya, halafu huruka kama risasi.

Pistoni ikiwa na mashimo ya kutu, nunua mpya pamoja na seti ya mipira. Safisha kwa spiriti au kisafisha breki. Petroli na dizeli huharibu sili. Wakati wa kuunganisha, pakaa sili mafuta mapya ya breki na uingize pistoni kwa mkono, ikiwa imenyooka.

Kalipa za nyuma zenye hendibreki ndani, nyingi pistoni yake hurudishwa kwa kuzungushwa. Ukiibana kwa klampu utavunja utaratibu wake wa ndani.

Kabla ya kuondoka

Toa upepo mpaka mafuta yatoke bila mapovu. Kisha kanyaga pedali mara kadhaa gari likiwa limesimama, hadi iwe ngumu. Mara ya kwanza itazama tupu kwa sababu pistoni iko mbali na pedi. Aliyesahau hatua hii hugundua akiwa ameshaingia barabarani. Endesha polepole karibu na nyumbani, rudi, na dondoshea maji kidogo kwenye rimu zote mbili za mbele. Zikilia sawasawa, au zisipolia kabisa, funga kofia za rimu. Ikichemsha moja tu, rudisha jeki.