Marko 16:9-20 na Yale Mabano

Biblia nyingine zimeweka mabano pale Marko 16:9-20, na wengine wetu wameshtuka: si hapo ndipo tunasoma kuhusu kunena kwa lugha?

Ukweli ni huu. Nakala mbili za zamani sana, Sinaiticus na Vaticanus, za karne ya 4, zinaishia mstari wa 8, wanawake wakikimbia kaburini kwa hofu. Lakini Irenaeus, mwaka wa 180 hivi, tayari alinukuu mstari wa 19 kama maneno ya Marko. Kwa hivyo mistari hii ni ya kale, ingawa wasomi wengi wanaona aliyeiandika si Marko mwenyewe.

Je, tumenyang'anywa kitu? Soma Matendo 2, halafu 1 Wakorintho 14. Hata nyoka yuko, Matendo 28:3, na Paulo hakumtafuta. Alikuwa anaokota kuni tu.